Matimba Kifuani

Bundala tumemzika juzi kule Kharumwa, na jana asubuhi, mbele ya watu wanaokunywa uji wa matanga, nimesema neno nililokaa nalo miaka sita. Leo nimerudi nyumbani Segese. Kabula, binti yangu mwalimu, ameniwekea daftari mezani akasema, baba, andika, usije ukapasuka. Shule mimi niliishia darasa la tatu, ng'ombe walinihitaji kuliko mwalimu, kwa hiyo atakayesoma anivumilie. Naandika ninavyoongea, na ninavyoongea mke wangu husema ni kama mbuzi aliyekata kamba. Wazee wenzangu wakikaa husimulia ujana wao. Ujana wangu mimi ulipita chini ya ardhi, na chini ya ardhi siku zote zinafanana. Mwaka ulionifundisha ulinikuta nina mvi tayari. Ni ule mwaka wa kwanza baada ya kuwekewa chuma kwenye mshipa wa moyo.

Kwanza kazi yangu, maana bila hiyo hutanielewa. Nilikuwa fundi matimba. Shimo la dhahabu sisi tunaliita duara, na duara likienda chini bila kuzuiwa, kuta zinakutana na wewe uko katikati. Matimba ni yale magogo yanayopangwa kuzunguka kuta kuanzia juu hadi chini, na anayeyapanga ndiye anayeamua nani atakula ugali jioni. Nimepanga matimba kuanzia Nyang'hwale hadi upande wa Geita. Watu wengi wanadhani kazi inaisha gogo likishakaa. Haiishi. Kila asubuhi, kabla mtu yeyote hajashuka, nilishuka mimi peke yangu na shoka, nikagonga kila gogo kwa kisogo cha shoka na kusikiliza. Gogo zima linasema ko. Gogo lililochoka linasema pu. La pu linatolewa siku hiyo hiyo, hata kama mwenye duara anatukana. Kila asubuhi, hata Krismasi, hata Idi. Wenye maduara walikuwa wananiita Jilala Mgonga Miti, wakicheka, lakini hakuna aliyeshuka kabla sijapanda na kusema sawa. Naomba msomaji alishike hilo la kugonga, maana ndilo linalonihukumu.

Moyo ulianza kama kiungulia. Nikipanda ngazi za duara kifua kinabana, kama mtu amenikalia, halafu kinaachia. Nikasema ni tumbo. Nikawa nakunywa maji ya magadi na kuvuta sigara, maana sigara ilikuwa inanituliza, ndivyo nilivyojidanganya miaka thelathini. Siku moja nikakaa kwenye ngazi katikati, sipandi, sishuki, jasho linanitoka baridi kama mtu aliyemwagiwa maji ya kisima, na wenzangu wakanifunga kamba wakanivuta kama ndoo ya mawe. Bima ya Kabula ikanifikisha hospitali kubwa, mbali na huku, mahali ambapo wana mashine ya kuuona moyo kwenye televisheni. Walipitia mkononi, hapa kwenye kifundo, wakaingiza waya mwembamba, na mimi macho nimefumbua naangalia moyo wangu mwenyewe. Ulikuwa kama mti mkavu uliosimama kichwa chini, matawi mengi, na tawi moja nene lilikuwa limeminywa hadi limebaki uzi. Daktari, kijana mwenye sauti ya chini, akasema, "Mzee, hapa ndipo tunaweka kichuma, kitapanua njia na kuishikilia." Nikamwambia, "Kumbe na wewe ni fundi matimba." Hakuelewa, akaniambia nisiongee.

Kitanda cha jirani alikuwa Bundala. Sikujua jina lake bado, nilisikia tu mtu anamsalimia nesi kwa Kisukuma, "Ng'wangaluka," na nesi wa watu ametoka pwani anasema, "Baba, sema polepole." Nikaitikia mimi kwa ukelele wa mgonjwa. Akageuza kichwa, mtu mkubwa, mabega ya mfugaji, mikono imejaa makovu ya kamba. "Wa wapi?" "Segese. Na wewe?" "Kharumwa." Akasema, "Kwa hiyo tumesafiri nchi nzima kuja kulala na jirani." Naye alikuwa amewekewa kichuma asubuhi ile ile. Siku tatu tulikula pamoja uji usio na sukari na mkate usio na kitu. Bundala alikuwa akiinua ule uji, anaunusa, anasema, "Huyu ng'ombe wao alikamuliwa maji." Mkewe, Mama Shija, alikuwa anakaa kwenye kiti cha plastiki kati ya vitanda vyetu, anakunja kanga, anakunjua, hasemi. Siku ya kuruhusiwa daktari alituita wote wawili, akaweka pakiti za vidonge mezani. Akasema kichuma ni kitu kigeni mwilini, damu ikikiona inataka kuganda juu yake, na vidonge hivi viwili vinaizuia. Kimoja mtakunywa mwaka mzima. Kingine mtakunywa maisha. Kuna na cha mafuta ya damu, jioni. "Msiache hata siku moja. Mtu akiwaambia acheni, hata awe daktari wa meno, njooni kwanza mniulize mimi." Bundala akasema, "Na mke wangu akisema?" Daktari akasema, "Mke wako ndiye atakayekukumbusha." Mama Shija akacheka, mara ya kwanza nasikia sauti yake.

Nikarudi Segese. Mke wangu, Mama Kabula, alikuwa anauza michembe sokoni, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa. Akaacha soko wiki mbili kunilinda. Chumvi akaificha. Sigara akazitafuta hadi kwenye paa la banda la kuku, akazipata, akaziloweka kwenye ndoo mbele ya macho yangu, na nikaona ndoo ile ikigeuka rangi ya chai nikajua kifua changu kilivyo ndani. Chakula kikawa ugali mdogo na nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa, kwa karanga kiduchu. Nilikuwa nakula nimeegemea mlango wa jiko namsikiliza akiongea na jirani. Siku moja nikamsikia jirani anauliza kwa sauti ya chini, "Mama Kabula, na wewe umepima?" Mke wangu akauliza, "Nimepima nini?" Jirani akasema, "Si mzee anakunywa dawa kila siku, saa ile ile?" Hapo tonge lilinisimama mkononi.

Huku kwetu mgodini, mgeni hawezi kulielewa jambo hili. Mtu anayekunywa kidonge kila siku kwa saa maalumu, watu wana jibu moja tu la ugonjwa wake. Wachimbaji wametoka kila kona ya nchi, wameacha wake nyumbani, na wengi wamezikwa na ugonjwa huo enzi zile dawa hazijafika. Dawa zipo sasa, watu wanaishi na kulea wajukuu, lakini midomo haijapona. "Yuko kwenye dozi," wanasema, na hawataji dozi ya nini. Ungewaambia ni ya moyo wangecheka, maana kila mmoja aliyewahi kuumwa ule alisema ni moyo au ni malaria au ni kurogwa. Nilipaswa kuwahurumia wale wanaoishi na midomo hiyo kila siku. Sikuwahurumia. Nilijihurumia mimi. Nasema hivyo bila kujisifu.

Palikuwa na kijiwe chetu, baraza la karakana ya seremala, tulipokuwa tunacheza drafti kila asubuhi baada ya chai, wachimbaji wastaafu na wenye mashine za kusaga mawe. Mwenye kijiwe hasa, kwa mdomo, alikuwa Shaibu, mtu wa Singida, ana karasha mbili za kusagia mawe na meno yote. Nilipotokea mara ya kwanza akasimama, akasema, "Pisheni, dhahabu inapita. Fundi, usilale hapa barazani, watu wa ditekta, wale wa mashine inayolia ikiona dhahabu, wakipita watakusikia unalia watakuchimba." Tukacheka, na mimi nilicheka hadi kidonda cha mkono kikauma. Utani wa chuma sikuuchukia. Ila Kabula alikuwa ameniwekea simu ilie saa mbili asubuhi, mlio wa jogoo, na siku moja nikaisahau mfukoni. Jogoo akawika katikati ya mchezo. Shaibu akasogeza kete yake bila kuniangalia, akasema, "Fundi, dozi inakuita." Wanaume sita wakaangalia ubao wa drafti kama wanasoma msahafu. Nikasema, "Dozi gani? Ninaamshwa nikawape kuku pumba. Dawa za hospitali niliacha mwezi wa kwanza tu."

Uongo wangu wa kwanza huo. Ukweli ni kwamba sikuacha hata siku moja. Niliogopa mno. Niliondoka pale nikaenda banda la kuku, nikachutama, nikameza kwa maji ya kuku, samahani kusema. Kuanzia siku ile nikawa nameza bandani, vidonge nimevitia kwenye kopo la majani ya chai, na kijiweni ni yule mwanaume aliyeacha dawa na bado yuko imara. Nikawa natamba. Mtu akitamba uongo kila siku unamzoea, unakuwa kama mbwa wa nyumbani, hata hujui tena ulimwokota wapi.

Bundala alikuja mwezi wa sita, baada ya mavuno, anatoka kliniki Shinyanga. Amenenepa kidogo, amebeba jogoo wa zawadi chini ya kwapa. Tulikula ukumbini, chumba chetu kile cha mbele chenye kalenda tatu za miaka tofauti, na alipoonja mboga akamwita mke wangu. "Mama Kabula, shemeji, hii mboga umempikia mgonjwa au umempikia mwizi?" Mke wangu akamwambia, "Nimewapikia waliowekewa vyuma, vyuma vikipata chumvi vinaota kutu." Bundala akacheka akala yote. Kisha akanionyesha mkono wake, mabaka meusi, akasema akijigonga kidogo tu kwenye boma damu inavilia chini ya ngozi, na asubuhi akipiga mswaki fizi zinatoka damu, na huko kwake wameanza kusema amerogwa. Mama Shija anamsimamia na kikombe kila asubuhi kama askari. Akasema amechoka na vidonge. Kliniki wamemwambia ni kawaida, avumilie, mwaka uishe. Nilipaswa kumwambia, hata mimi ndugu yangu, tazama, na kumwonyesha mabaka yangu. Yalikuwepo, chini ya shati la mikono mirefu. Nikasema twende kijiweni ukawaone watu.

Kijiweni Shaibu akampokea vizuri, akamwagizia chai, akamuuliza na yeye ana chuma. Bundala akasema ndiyo, pacha wa huyu. Halafu, mbele ya wote, bila ubaya wowote, akanigeukia. "Fundi, hivi wewe zile za asubuhi unaendelea nazo?" Drafti ikasimama. Shaibu ananitazama, amekunja jicho moja. Ningeweza kusema tutaongea nyumbani. Nilisema hivi, na maneno nayakumbuka kama jina langu: "Baba Shija, mimi nimeweka matimba miaka thelathini. Gogo likishakaa, limekaa. Unaenda kulipaka dawa la nini?" Wakacheka wote. Seremala akapiga meza. Bundala hakucheka. Alinitazama kama wachimbaji walivyokuwa wananitazama mdomoni mwa duara nikipanda asubuhi, wakingoja niseme sawa ili washuke.

Nilidhani nitamwambia njiani. Shaibu akatusindikiza. Stendi gari la Kharumwa lilikuwa linapakia, kondakta anapiga bati. Bundala akaweka mguu mmoja ndani, akanishika mkono, akauliza kwa sauti ya chini, "Ng'hana, Fundi?" Kweli hiyo? Shaibu amesimama hatua moja nyuma yangu. Nikasema, "Nimewahi kukudanganya?" Na hiyo haikuwa hata uongo, ndiyo maana ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu hadi siku ile sikuwahi.

Wiki ya tatu simu ikaita, Mama Shija. Bundala ameanguka kwenye josho la ng'ombe, ameshika kifua. Wakampeleka Geita, wakamkimbiza Mwanza. Kichuma kilikuwa kimeziba kwa damu iliyoganda. Wakakizibua, akaishi, lakini nusu ya moyo, daktari alisema, ilikuwa imekufa kama tawi. Nilipoenda kumwona nyumbani kwake alikuwa amekaa kwenye kiti cha kamba kivulini mwa ghala, miguu imevimba inang'aa, anaongea maneno manne anapumzika. Ng'ombe wanatoka bomani na mtu mwingine. Nikajiandaa. Nilikuwa nimeyapanga maneno toka Segese, kama magogo. Yeye akaniwahi. "Fundi, la kwako lilikaa vizuri." Akapumzika. "La kwangu lilikaa vibaya. Bahati." Mama Shija akaleta ugali na maziwa mgando, akaniwekea mimi bakuli kubwa. Nikala. Nikala chote, Mungu ananiona, kisha nikaaga kwenda haja, nikazunguka nyuma ya boma, ilikuwa saa mbili na nusu, nimechelewa, nikameza vidonge vyangu.

Mwaka ulipoisha daktari alikiondoa kile kimoja. Akaniambia nimefanya vizuri, wagonjwa wote wangekuwa kama mimi. Nilitoka nikakaa kwenye benchi la nje nikashindwa kuinuka, na mtu anayefagia akadhani nimeambiwa nakufa. Kutoka hapo imekuwa miaka. Natembea kila asubuhi hadi lambo na kurudi, sivuti, presha inapimwa, vidonge viko kwenye kile kisanduku cha vyumba saba alichoninunulia Kabula, na kila ninapokifungua nasikia ko. Ndiyo kugonga kwenyewe. Gogo halikai peke yake, hukaa kwa sababu kuna mtu anashuka kila asubuhi. Nililijua hilo kuliko mtu yeyote kwenye mkoa huu. Mtu mwingine angeweza kusema maneno yale kwa ujinga. Mimi sikuwa na ujinga wa kusingizia. Kila miezi mitatu nilikwenda Kharumwa kumwona Bundala, nikakaa naye, tukaongea mvua na ng'ombe, kila mara nikiwa na neno mdomoni, kila mara nikarudi nalo. Juzi tulimteremsha na mimi nilishika kamba upande wa kichwa.

Jana asubuhi nikaingia ndani. Mama Shija alikuwa amekaa kwenye mkeka, amefunga kitambaa, wanawake wawili pembeni wakatoka waliponiona. Nikakaa chini mlangoni. Nikamwambia yote, kuanzia jogoo wa simu hadi stendi hadi nyuma ya boma. Sikupamba. Alisikiliza akikunja kanga na kuikunjua, vile vile kama kwenye kiti cha plastiki. Kisha akasema, "Asubuhi ya kesho yake, alipotoka kwako, nilimpa kikombe akakisukuma. Akasema Fundi ameacha, na Fundi anajua." Akakunja kanga. "Miaka sita, Baba Kabula, kila Jumapili alikuwa anaomba bahati yako isikatike. Kwa jina lako." Nikamwuliza kama ananitaka niondoke. Akasema, "Leo sina la kukuambia."

Nikatoka nje kwenye turubai, wanaume wanakunywa uji. Shaibu alikuwepo, tumekuja naye, amezeeka sasa, meno yamepungua. Nikakaa. Jogoo akawika mfukoni. Wakageuka wote, na Shaibu, kwa mazoea tu, akasema, "Fundi, kuku wanakuita." Wawili wakaguna kicheko. Nikainuka kwenda nyuma ya boma, miguu ilikuwa inaijua njia. Mama Shija alikuwa amesimama mlangoni. Akasema, na sauti yake haikupanda, "Baba Kabula. Za nini hizo? Waambie."

Nikakitoa kisanduku. Nikasema ni za moyo. Nikasema nakunywa kila siku tangu siku niliyowekewa chuma, sijaacha hata moja, na nilimwambia Bundala nimeacha kwa sababu niliona aibu mbele ya watu, watu wenyewe mkiwemo humu, na yeye akaacha kweli. Mtoto mkubwa wa Bundala, mwanaume mwenye ndevu, aliweka bakuli lake chini akaondoka kuelekea bomani. Shaibu alikuwa anatazama uji wake. Mama Shija akaingia ndani akarudi na maji kwenye kikombe cha bati, kile cha bluu kilichobanduka ukingo, ambacho nilimwona Bundala akikinywea miaka yote. Nikameza mbele yao. Nikamrudishia kikombe. Hakukipokea.

"Kaa nacho," akasema. "Kesho saa mbili utakihitaji tena."

Leo saa mbili nimekitumia.